Pampu Ikinyamaza, Nani Atapata Habari?

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kufungua bomba jikoni na kuyaona maji yakitiririka, pengine hujapata kujiuliza yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani. Aliyezaliwa Newala hana haja ya kuulizwa swali hilo. Anajua tangu utotoni kuwa maji yako chini bondeni, na watu wako juu. Simama pale Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla na nchi kuporomoka kuelekea mto Ruvuma, nawe utaielewa mara moja taabu ya vizazi vingi. Mbele ya macho yako kuna bonde pana lenye mto, lakini chini ya miguu yako ni mchanga unaoimeza mvua yote na kuipeleka kilindini, ambako jembe wala sururu haifiki.

Ndiyo maana habari ya maji katika Newala na Tandahimba ni habari ya mashine. Zamani akina mama waliteremka magengeni na kupanda tena wakiwa na mitungi vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda. Katika miaka ya 1970 nchi ya Ufini ikashirikiana na Tanzania kupanga na kujenga miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Na mwezi Juni 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya miradi ya maji ya miji 28, kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na eneo la Makonde ni mojawapo.

Basi fedha zimetafutwa, na mabomba yamelazwa na yanaendelea kulazwa. Hata hivyo liko jambo moja dogo ambalo husahauliwa mara nyingi mikataba inapotiwa saini, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Pampu iliyoko bondeni ikisimama, ni nani atakayepata habari, na ataipata lini?

NDOO TUPU NDIYO HUTOA HABARI

Hebu tufuate safari ya maji hatua kwa hatua. Kisimani kuna mota inayozungusha pampu. Pampu inayasukuma maji ndani ya bomba kuu mpaka tangi lililojengwa mahali palipoinuka. Kutoka tangini maji huteremka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye vituo vya kuchotea na majumbani. Katika safari hii hitilafu inaweza kutokea popote: mota kuungua, beringi kusagika, umeme kukatika, bomba kupasuka porini, au koki ya tangi kukwama.

Jambo la ajabu ni kwamba hitilafu kubwa kuliko zote haina kelele. Pampu ikisimama usiku wa manane, hunyamaza tu. Tangi nalo huendelea kutoa maji yaliyokuwamo kwa saa kadhaa, na kwa kufanya hivyo huificha ile hitilafu. Asubuhi mambo yanaonekana shwari. Mchana presha inapungua. Jioni mama anafungua koki na kusikia upepo ukikoroma. Kwa maneno mengine, kifaa cha kwanza kugundua kasoro ni ndoo tupu ya mama huyo. Ni baada ya hapo ndipo habari huanza safari ya kurudi: kwa jirani, kwa mjumbe, kwa kamati ya maji, kwa ofisi, na mwishowe kwa fundi, ambaye kwanza itambidi azunguke kutafuta mahali penyewe palipoharibika kabla hajafungua sanduku lake la vifaa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu atauzibaje ufa asiouona? Mota inayoanza kupata joto kupita kiasi leo ingeweza kuokolewa kwa grisi na beringi mpya. Ikiachwa mpaka iungue, itahitaji kusukwa upya au kununuliwa nyingine, na wakati huo watu watasubiri.

SAUTI NDOGO, MWENDO MREFU

Katika miaka ya karibuni mafundi wa redio wamebuni njia ya kuifanya mashine yenyewe itoe habari zake. Njia hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kihisi, yaani kifaa kidogo kinachopima jambo moja tu: joto la mota, kina cha maji tangini, presha ndani ya bomba, mtetemo wa mashine au unyevu wa ghala. Sehemu ya pili ni redio ndogo inayotumia umeme kidogo mno, ambayo kazi yake ni kuyapeleka yale yaliyopimwa hadi kituo cha kupokea kilichoko mbali.

Msomaji aweza kuuliza: mbona tunazo simu za mkononi? Simu ni chombo chema, lakini ililengwa kwa kazi nyingine. Simu hubeba sauti za watu na picha, hivyo huhitaji umeme mwingi na mnara ulio karibu. Simu ya kizazi cha pili ikiongea na mnara ulio mbali iliweza kufikia nguvu ya wati 2. Redio hizi tunazozizungumza, kwa kanuni zinazotumika Ulaya, hutangaza kwa miliwati 25 tu, yaani nguvu iliyo ndogo mara 80. Juu ya hayo, karibu muda wote redio hii imelala. Huamka, hupima, husema maneno yake machache, kisha hulala tena. Ndiyo sababu betri mbili tatu ndogo zaweza kukiweka kifaa hai kwa miaka mitano hadi kumi, ikiwa hakitumi ujumbe kila mara. Hakihitaji waya, wala fundi wa kukipelekea umeme porini.

Je, sauti ndogo namna hiyo huendaje mbali? Siri yake kila aliyekulia penye mabonde anaijua. Ukitaka kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya bonde huharakishi maneno. Unalivuta jina lake polepole, kwa sauti inayopanda, nalo linamfikia hata kama upepo unavuma na ng'ombe wanalia. Redio hizi hufanya vivyo hivyo. Kila alama hutumwa kama mlio mrefu unaopanda kutoka sauti nene hadi sauti nyembamba, mfano wa mluzi wa ndege. Kipokezi kinaujua mluzi huo na kinautafuta huo tu. Kwa jinsi hiyo kinaweza kuutambua hata pale ambapo makelele ya anga yana nguvu mara 100 kuliko mluzi wenyewe.

Bei ya mwendo huo mrefu ni upole wa kusema. Katika hali yake ya polepole kabisa, redio hii hupeleka biti zisizofika 300 kwa sekunde. Picha moja ya simu yenye megabaiti mbili ingehitaji zaidi ya saa 15 kupita, na kwa kuwa kanuni za Ulaya huruhusu kifaa kusema kwa sekunde 36 tu katika kila saa, picha hiyo ingechukua zaidi ya miezi miwili. Bali ujumbe wa kusema “Kisima cha nne, tangi nusu, mota nyuzi 62, betri nzima” huweza kufungwa katika baiti kumi hivi, na kufika kwa muda wa kama sekunde moja na nusu. Pampu haina haja ya kutuma picha. Ina haja ya kusema kama ni nzima au mgonjwa.

Mjini, penye kuta nyingi, sauti hiyo hufika kilomita mbili hadi tano. Mashambani, penye uwazi, yaweza kufika 15 au zaidi. Na kama hakuna kizuizi kabisa baina ya msemaji na msikilizaji, umbali huwa wa kustaajabisha. Tarehe 26 Agosti 2017 puto lililokuwa angani kwa urefu wa kilomita 38 hivi, karibu na mpaka wa Ujerumani na Uholanzi, lilitangaza kwa miliwati 25, na sauti yake ikapokewa mjini Wrocław, Poland, umbali wa kilomita 702.

ILIKOTOKEA

Ujuzi huu, unaoitwa LoRa, ulianzia mjini Grenoble, Ufaransa, ambako kampuni ndogo iitwayo Cycleo iliundwa mwaka 2009. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunuliwa na Semtech ya Marekani. Mwaka 2015 makampuni mbalimbali yaliungana kuweka kanuni moja ya mtandao, ili kifaa cha mtengenezaji mmoja kiweze kuelewana na kituo cha mtengenezaji mwingine. Kanuni hiyo, LoRaWAN, ilikubaliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwezi Desemba 2021.

LoRa haikuwa peke yake. Makampuni ya simu nayo yalikamilisha mwaka 2016 kanuni iitwayo NB-IoT, inayotumia minara ileile ya simu kwa ajili ya vifaa vidogo. Na huko Ufaransa, karibu na mji wa Toulouse, kampuni ya Sigfox ilikuwa na njia yake nyingine tangu mwaka 2009. Sigfox ilisifiwa sana, ikaeneza mitandao katika nchi nyingi, kisha ikalemewa na madeni. Mwezi Januari 2022 iliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama, na miezi michache baadaye ikachukuliwa na kampuni ya UnaBiz ya Singapore. Hapo pana funzo kwa kila mnunuzi: kifaa kinaweza kuwa na betri ya miaka kumi, lakini kampuni iliyokiuza isifike miaka kumi.

YALIYOONEKANA KYUSO

Tusije tukadhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mfano mzuri kuliko yote kuhusu maji uko jirani, katika eneo la Kyuso, kaunti ya Kitui, nchini Kenya, ambako ardhi ni kame na watu hutegemea pampu za mkono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kisanduku kidogo kilichotiwa ndani ya mpini wa pampu. Kila mpini ulipopanda na kushuka, kisanduku kilihesabu, na kutokana na hesabu hiyo kikakadiria maji yaliyochotwa. Kisha kilituma hesabu hiyo kwa ujumbe wa simu, kwani wakati huo mitandao tunayoieleza leo ilikuwa bado haijaenea.

Katika majaribio ya mwaka 2013 visanduku hivyo viliwekwa katika pampu 66. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa kwa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Wakati wa majaribio wastani ulishuka ukawa chini ya siku tatu. Ebu fikiri, msomaji, tofauti ya siku 24 katika maisha ya mama mwenye watoto na asiye na kisima kingine.

Lakini tusome vizuri. Kisanduku hakikushika spana. Siku zile zilipungua kwa sababu palikuwa na kikosi cha mafundi kilichokuwa tayari, chenye vipuri na usafiri, kikisubiri habari. Kihisi kilifupisha muda wa kujua, fundi akafupisha muda wa kutengeneza. Kutokana na majaribio hayo ilizaliwa huduma ya FundiFix, inayotunza pampu na mitambo ya maji vijijini katika Kitui na Kwale, ambapo wananchi hulipia huduma ya kutunziwa mtambo badala ya kuchangishana fedha baada ya msiba.

Mifano mingine ipo. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, walimu na wanafunzi wamejitengenezea wenyewe vifaa vya bei nafuu vya LoRa vinavyopima kina cha maji ya mto na kutuma habari. Hapa Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2017, wataalamu walitia vihisi vya LoRa ndani ya pembe za vifaru weusi, ili walinzi wajue mnyama alipo bila kumwandama mchana na usiku. Na kule Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam kimekuwa kikiwafundisha Waafrika wengi ufundi huu wa redio zisizo na waya.

NCHI YA LUKULEDI NA UWANDA WAKE

Sasa tuirudie nchi yetu ya kusini. Mto Lukuledi unatoka upande wa Masasi na kwenda kuingia baharini Lindi, ukipita baina ya uwanda wa Makonde upande wa kusini na nyanda za Rondo upande wa kaskazini. Umbo hili la nchi, ambalo limekuwa adui wa mchota maji, laweza kuwa rafiki wa fundi wa redio. Mawimbi haya hupenda kuonana: antena iliyo juu huona mbali. Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliyesimama mita 400 juu ya bonde lililo tupu anaweza kuona hadi kilomita 70. Ukingo wa uwanda kule Newala, na yale majabali makubwa yanayouzunguka mji wa Masasi, ni minara iliyokwisha kujengwa na Mwenyezi Mungu. Kituo kimoja cha kupokea, chenye umeme wa jua na kilichounganishwa na intaneti, kinaweza kusikiliza maelfu ya vihisi, mradi kila kimoja kiseme mara chache kwa siku.

Kazi zitakazofanywa na vihisi hivyo si za kubuni. Ya kwanza ni pampu na matangi, kama yale ya chanzo cha Mbwinji kinachohudumia Masasi na Nachingwea, pamoja na yale yanayopandisha maji juu ya uwanda. Ya pili ni mabomba. Fundi hodari wa maji hutazama mtiririko wa saa nane za usiku. Wakati huo watu wamelala na maji yanapaswa kwenda kidogo sana. Yakionekana yanakwenda kwa wingi, basi pana mahali yanavuja au yanaibwa. Ripoti za Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, zimeonyesha kwamba kiasi cha thuluthi moja ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya miji yetu hupotea kabla ya kulipiwa. Maji hayo yamekwisha kulipiwa umeme na dawa. Anayebeba gharama hiyo ni wewe unayelipa ankara kila mwezi.

Ya tatu ni korosho. Tangu mwaka 2007, ulipoanzishwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima wa Masasi, Newala au Tandahimba huipeleka korosho yake ghalani na kusubiri mnada. Korosho isiyokauka sawasawa hupata kuvu na kushuka daraja. Kihisi cha joto na unyevu kilichowekwa baina ya magunia chaweza kumwonya mtunza ghala kabla harufu haijamwonya. Vivyo hivyo katika viwanda vya kubangulia, ambako kuna boila za mvuke na vikaushio, kihisi cha joto au cha mtetemo huweza kuieleza karakana kwamba mashine fulani imeanza kuumwa.

Ya nne ni mafuriko. Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu mwezi Mei 2024, barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na kusini ikatengwa. Kihisi kinachopima kina cha mto hakiwezi kuuzuia mto, lakini huweza kuwapa walio chini saa chache za kuhamisha watoto na mali.

MIPAKA YAKE

Muungwana huusema uzuri wa kitu na ubaya wake. Redio hizi hazifai kwa kila kazi. Vifaa vingi vya aina hii, ili kuhifadhi betri, husikiliza amri kwa muda mfupi tu baada ya kusema. Kwa hiyo ukitaka kukizima kitu ghafla, amri yako yaweza kungoja mpaka kifaa kiamke. Kwa sababu hiyo usalama wa boila usiachiwe redio. Vali ya usalama na mtu anayeiangalia lazima wabaki palepale. Tena ujumbe unaweza kupotea njiani, hasa vifaa vingi vikisema kwa wakati mmoja, au kilima kikiwa katikati. Anayetumia mtandao huu hana budi kuupanga hivi kwamba ukimya wa kifaa nao uhesabiwe kuwa ni habari.

Radi hupiga antena zilizo juu. Paneli za jua na betri hutamaniwa na wezi. Chipu za LoRa zinatokana na hakimiliki ya kampuni moja ya ng'ambo, na hata kanuni ya mtandao ikiwa wazi kwa wote, tegemeo hilo linabaki. Masafa ya redio nayo ni mali ya umma, na hutumiwa kwa kufuata taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Ubaya mkubwa kuliko yote, hata hivyo, si wa redio. Ni ule wa kujua na kutotenda. Ofisi yaweza kuwa na kioo kikubwa ukutani chenye taa nyekundu na za kijani, ikaona saa ileile kwamba kisima cha nne kimesimama, na bado kisima kikabaki kimesimama kwa sababu pikipiki haina mafuta na beringi haiko stoo. Hapo wananchi watakuwa wamenunua njia ya haraka ya kupata habari za taabu yao wenyewe.

MFANYAKAZI NA MASHINE

Najua baadhi ya wasomaji wetu ni wafanyakazi wa idara hizihizi, nao watauliza: je, sisi tutapelekwa wapi? Msoma dira anayepita nyumba kwa nyumba na daftari lake anaona wazi kwamba dira inayojisoma yenyewe inaigusa kazi yake. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mlinzi wa pampu anayeishi jirani na kisima, anayeitambua mashine kwa mlio wake, ana ujuzi ambao hakuna kihisi kinachoufikia. Kihisi kitasema mota ina nyuzi 80. Yeye atasema ni kwa nini.

Hekima ni kuwafanya watu hao kuwa wa kwanza kufundishwa. Msoma dira anazijua njia zote, anaijua kila nyumba na kila bomba bovu. Huyo ndiye anayefaa kuwa mtunza vihisi, mbadilisha betri na mtafuta mivujo. Vyuo vyetu vya ufundi vinaweza kuifundisha kazi hii, kwani haihitaji mtu kuwa mhandisi wa anga. Inahitaji kujua kuunganisha waya, kusoma kipimo na kuandika kumbukumbu kwa uaminifu.

Liko pia suala la siri za nyumba. Dira inayotuma hesabu kila saa inaweza kueleza familia inaamka saa ngapi, inaoga lini na imesafiri lini. Habari kama hizo mikononi mwa mtu asiye mwema ni hatari. Mitandao ya LoRaWAN hufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, lakini ufunguo huo hauna maana ikiwa aliyekabidhiwa anaugawa. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni haki ya mteja kuuliza hesabu za nyumba yake zinahifadhiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuzitazama.

MASWALI YA KUULIZA

Tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya maji iliyounda RUWASA kwa ajili ya vijijini, na inayoviweka vyombo vya wananchi wenyewe kuendesha huduma katika ngazi ya jamii. Maana yake ni kwamba mwananchi ana mahali pa kusemea. Siku muuzaji atakapofika na sanduku linalong'aa, akisema litamaliza taabu ya maji, asishangiliwe wala asifukuzwe. Aulizwe.

Kwanza, aulizwe kihisi kikitoa habari, nani ataipokea saa nane za usiku, na ana wajibu gani. Pili, vipuri viko wapi, na vinalipiwa kutoka mfuko upi. Tatu, kampuni ikifungwa, je, vifaa vitaendelea kusema na kituo kingine, au vitakuwa mawe? Nne, ni vijana gani wa hapahapa watakaofundishwa kuvitengeneza. Tano, hesabu zitakazokusanywa zitabandikwa wapi ili wananchi nao wazione, au zitabaki ofisini?

Swali hilo la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa muda mrefu mama wa Newala amekuwa wa mwisho kupata habari na wa kwanza kupata taabu. Ikiwa redio hizi zitaifikisha habari ofisini tu, yeye atabaki pale alipokuwa. Lakini kama kila kijiji kitajua kwamba pampu yake ilisimama saa ngapi, taarifa ilifika ofisini saa ngapi, na fundi aliondoka saa ngapi, basi patakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtu anayeweza kuikana. Hapo mwananchi hatalazimika kuja na ndoo tupu kama ushahidi. Atakuja na tarehe na saa.

Ndugu msomaji, ufundi huu ni mdogo kwa umbo, na gharama ya kifaa kimoja si ya kutisha. Gharama yake halisi ni nidhamu: ya kununua vipuri kabla ya mota kuungua, ya kumlipa fundi kwa wakati, na ya kumjibu aliyeita. Mahali penye nidhamu hiyo, kihisi kitaokoa siku nyingi za kiu. Mahali pasipo nidhamu hiyo, anza na fundi kwanza, kisha ndipo ununue redio.